Unga Mweusi wa Mezani Kwangu

Jumatatu, 10 Machi
Maabara tena. Oksidi ya grafini ndani ya maji, rangi ya chai ya rangi. Nikatia vitamini C, nikapasha moto. Ikawa nyeusi tii. Vizuri. Oksijeni imetoka, sasa itapitisha umeme, na plastiki nitakayoichanganya nayo ipitishe. Ndiyo oksidi ya mwisho tuliyo nayo. Profesa amesema wazi: Ijumaa ya wiki ijayo plastiki isipopitisha umeme, meza yangu anapewa Otieno, mwanafunzi mwenzangu.

Mama yuko mochari. Mazishi Jumamosi, nyumbani Pap Onditi. Moyoni sisikii kitu.

Alhamisi, 13 Machi
Nimeosha, nimechuja. Limebaki tope jeusi. Kesho naenda nyumbani, na tope la maji nani ataliangalia? Mama alianika omena, dagaa wa ziwani, maisha yake yote. Kitu ukitaka kikae, kausha. Nikalitia kwenye oveni. Asubuhi nitafunga unga kwenye chupa.

Jumamosi, 15 Machi
Tumemzika. Wanawake waliingia wakilia kwa sauti tangu langoni, ndiyo desturi. Mimi machozi hayakuja. Shangazi akasema mbele ya watu, "Yawa! Mtoto gani huyu halii mama yake? Masomo imemharibu kabisa."
Nikaosha sufuria.

Jumatano, 19 Machi
Nimerudi. Unga umekataa kuchanganyika. Madonge. Nimekoroga, nimetikisa, nimetia kwenye mashine ya mawimbi ya sauti. Madonge yale yale. Kumbe! Grafini ni karatasi nyembamba mno. Zikikauka zinashikamana, na haziachani tena. Ilitakiwa ikae na maji yake mpaka siku ya kuchanganya. Nilijua hilo. Nimewahi hata kumfundisha Otieno. Mjinga mimi.

Ijumaa, 21 Machi
Nimechanganya plastiki na madonge hivyo hivyo. Mita ya umeme haikusonga. Profesa akaangalia, akasema pole, akatoka.
Nikabaki na chupa mkononi. Nikamwona Mama akigeuza omena juani, kitenge kiunoni. Nikalia. Si machozi ya leso. Kilio cha nyumbani, cha kuita jina lake. Mzee Ouma, fundi wa maabara, akaja mbio. "Pole, mama, pole. Hiyo kitu utatengeneza ingine."
Nikazidi kumwita Mama.

Jumamosi, 22 Machi
Nimetoa vitu vyangu mezani. Otieno alinibebea katoni mpaka barabarani, haya imemjaa usoni. Sina kinyongo naye.
Nimelala mchana kutwa, chumbani kwangu mtaani Manyatta. Jioni nikampigia shangazi. Nikamuuliza kuku wa Mama wanalishwa na nani. Akasema yeye.