Mama Mkwe Anawashibisha Mbu Ili Wasimguse Mjukuu

Mshauri mpendwa, shikamoo. Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kiume, shule niliishia njiani kwa hiyo nikikosea kuandika univumilie, ila jambo lenyewe linaninyima usingizi. Ninaishi na mama mkwe, baba mtoto yuko kwenye mashamba ya miwa mpaka msimu uishe, na watu husema vibaya juu ya wakwe lakini wangu sijui nimshukuruje, nilipojifungua alinikanda na kunipikia kana kwamba amenizaa yeye, na mtoto alipozidiwa na malaria wakati mto umejaa alimlaza kwenye beseni, akajitwika, akavuka naye maji yakimfika kifuani, akamfikisha zahanati mtoto mkavu kabisa.

Sasa tangu siku hiyo amekuja na lake. Nyumba yetu ni ya udongo, ukuta umepasuka na chini ya bati kuna uwazi unaopitisha mbu kama wamealikwa, na chandarua ni kimoja tu, nilichopewa kliniki. Yeye amekataa kuingia humo, anatandika mkeka karibu na kitanda chetu, anajifunua mikono na miguu makusudi, anasema mbu akishiba kwake hatakuwa na haja na mtoto. Nikimsihi ananicheka, "Tulia mke mwenzangu, huyu mtoto ni mume wangu na mimi ndiye mke mkubwa. Damu yangu ya kizee wakiinywa wanalewa, hawafiki kitandani."

Tunacheka, lakini mshauri, sasa anatetemeka juani, jembe linamponyoka, jana alikaa chini katikati ya matuta akasema anapumzisha mgongo, nikamgusa, ngozi inawaka. Zahanati hataki, anasema homa ya mtu mzima hupita yenyewe, njia ile ndefu ni ya kumpeleka mtoto. Kumpinga naogopa maana yote anayafanya kwa upendo, na nikinyamaza naona nitampoteza. Nimwambieje bila kumvunja moyo? Nina imani utanionyesha njia.

Ni mimi, Mke Mdogo

JIBU

Marahaba, Mke Mdogo. Nilipofika kwenye lile beseni niliiweka barua chini kwanza. Huyo mama nampa heshima zote, na wewe umenifurahisha, maana unaiona thamani yake angali hai.

Lakini nakugombeza kidogo. Mtu anaungua na wewe unacheka naye? Kumheshimu mama si kumwacha afe kwa sababu ya adabu.

Sikiliza. Mbu hashibi kwa niaba ya mtu mwingine. Akimnyonya bibi mwenye malaria, anaondoka na vimelea, vinakomaa ndani yake, na baada ya siku kadhaa anaweza kumwambukiza mtoto anapocheza nje ya chandarua jioni. Mkeka ule haumlindi mjukuu, unamhatarisha. Mwambie hivyo mkiwa wawili, kwa sauti ya chini: "Mama, ugonjwa ulio mwilini mwako mbu anaweza kumletea mume wako." Usiongeze hotuba. Aliyevuka mto ule kwa ajili ya mtoto hatahitaji kuambiwa mara mbili.

Nyufa zizibe kwa udongo, uwazi wa juu kwa magunia. Omba chandarua cha pili, na kabla hakijapatikana shusheni godoro chini mlale wote ndani ya hicho hicho, mtoto katikati.

Hayo yatafuata. La kwanza ni zahanati, na ni leo, usingoje homa ipande tena. Miguu ikimkataa, omba jirani mwenye baiskeli, au muulize mhudumu wa afya wa kijiji kama ana kipimo na dawa. Akipewa vidonge, avimalize hata akijisikia nafuu. Nawajua watu wa aina yake, atataka kumwekea mtoto vilivyobaki. Simama hapo mpaka ameze.

Na mkifika kwa nesi, akauliza mgonjwa ni nani, usimwachie mama kujibu. Jibu wewe.