Rangi Nyeupe kwa Asiyeona

Baba,

Shikamoo. Wewe ndiye uliyenifunza kumwamkia mtu kwanza hata kama nina hasira naye. Leo nina hasira na watu wengi, na mmoja wao ni mimi.

Wamekuchorea mistari. Pale pale Tezo ulipogongwa na gari, mbele ya duka ulilokuwa ukipelekea fagio zako za chelewa, wamepaka rangi nyeupe barabarani, wakaweka hema na viti, wakatangaza kwamba kivuko hiki ni kwa heshima yako. Rangi, Baba! Kwa mtu aliyezaliwa haoni.

Hakuna aliyeuliza ulikuwa ukivukaje miaka yote ile bila hata mkwaruzo. Ulikuwa ukisimama na fimbo yako, unalitegea tuta sikio. Gari likipanda tuta, bodi inapiga gadagada, nawe unajua limepunguza mwendo na limefika wapi. "Tuta ndilo jicho langu," ulikuwa ukisema, na mama anacheka. Kisha tukaambiwa kuna ugeni wa wakubwa. Barabara ikatiwa lami mpya na matuta yakakwanguliwa yote kwa siku moja, bila hata neno kwa mtu.

Mimi niliiona ile mashine ikiyakwangua. Nilifika nyumbani nikakuta umekwenda matangani kwa jirani, nikala, nikalala. Asubuhi ukaondoka kabla sijaamka. Sikukwambia, Baba. Sikukwambia.

Muuza mahamri anasema ulisimama sana, umetega sikio. Gari ulilisikia. Gadagada hukuisikia, ukadhani bado liko mbali.

Siku ya hilo hema lao walinipa mkasi nikate utepe. Mama Kadzo, mwenzako asiyeona, yule uliyemfundisha kusikiliza tuta, walimketisha mbele kabisa apigwe picha. Akanyanyua mkono akauliza, "Hiyo rangi inalia?" Watu wakacheka. Wakacheka, Baba, na mshereheshaji akaita kikundi cha ngoma! Niliuweka mkasi mezani nikaondoka. Baba mdogo hasemi nami tangu siku hiyo, eti nimeaibisha ukoo mbele ya wageni. Na uaibike.

Nimekwenda ofisi ya barabara mara tatu. Nataka matuta yarudi, nataka ukingo wenye vinundu ambao mguu utautambua, nataka taa inayotoa mlio wakati wa kuvuka. Afisa mmoja, bila kuinua kichwa, alinijibu kwamba matuta yanachelewesha magari. Nilimwuliza yanachelewa kwenda wapi. Akaniitia bawabu.

Kila Alhamisi Mama Kadzo huvuka kwenda kliniki ya sukari. Wiki iliyopita nilimshika mkono, tukavuka. Tulipofika ng'ambo akajinasua. "Sitaki mkono wako, mwanangu," akaniambia. "Nataka barabara."

Nilikasirika, kisha nikaona haya. Nilikuwa nikimvusha ili nijisamehe mimi.

Jumatatu tunarudi kule ofisini, yeye, mimi na wenzenu wengine wanane wasioona. Atakayesema ni yeye. Bawabu akija, atatukuta tumekaa sakafuni.

Lala salama, Baba. Mama hajambo, anakuombea. Mimi nakuahidi jambo moja: siku matuta yatakaporudi na Mama Kadzo akavuka barabara ile, nitabaki upande wa huku, mikono nimeifunga nyuma, nimwache aende.

Mwanao,
Dama