Karanga za Mjomba Chini ya Hadubini Yako

Mpendwa mama,

Jana nilifungua kabati lako pale Bigwa na kutoa hadubini. Tangu tukuzike hakuna aliyeigusa, lakini lenzi bado ni safi. Nikalikumbuka gunia la mjomba, nikacheka peke yangu.

Ilikuwa kabla ya harusi yangu. Mjomba, kaka yako mkubwa, aliteremka kutoka mlimani na gunia la karanga alizolima mwenyewe. Mvua ilizikuta zimeanikwa, akazifunga na unyevu wake. Ulipolifungua, nyingine zilikuwa na vumbi la kijani.

"Futa kwa kitambaa, anika, kaanga," alisema. "Ukungu ni ukungu."

Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye neno kwenye harusi ya mpwa wake. Kumrudishia zawadi yake kungekuwa kumvua nguo. Kuwalisha wageni karanga zenye sumu nako hakukuwezekana. Ulikuwa unafundisha habari za kuvu chuoni, ungeweza kumhutubia mpaka jioni. Ulimwambia tu, "Kaka, kaa nasi kwanza. Tuwaache hawa kuvu waote, tuwaone."

Ukaweka karanga kwenye visahani vyenye supu ya viazi iliyogandishwa kama jeli, chakula cha kuvu, ukavifunika, ukaviziba kwa selotepu. Mjomba akakaa, akilalamika kwamba chai yetu haina tangawizi. Kila asubuhi, baada ya kuitikia shikamoo zetu, alivichungulia kama mtu mwenye kuku anayeatamia. Kisahani kimoja kilijaa ukungu kama pamba mpaka kwenye kifuniko, kikatoa nukta nyeusi.

"Huyu ndiye mbaya!"

"Huyo ana haraka tu," ukamjibu.

Viwili vilikuwa vya kijani. "Mapacha," akasema. Ukamwonyesha: kimoja cha kijani-buluu, kilichokua polepole, ukingo wake mweupe, kingine cha kijani-manjano, kimetambaa kote.

"Na bado sisemi. Rangi ni fununu, kaka. Njoo kwenye hadubini."

Maneno hayo nimeyatumia kwenye chumba cha habari ninakofanya kazi mara nyingi kuliko lolote nililofundishwa darasani.

Mjomba akainama. "Ufagio!" Ukamwambia huyo, wa kijani-buluu, ni Penicillium. Ukabadilisha kioo, ukaweka cha yule wa kijani-manjano, naye akainama tena.

"Huyu ana kichwa. Cha duara. Nywele zimesimama pande zote kama kaona chui."

"Aspergillus," ukasema. "Na kwa rangi ile na kichwa hicho, ni wa ukoo unaoweza kutia sumu ya kuharibu ini. Kukaanga hakuiondoi yote. Sumu yenyewe hadubini haiioni, kaka. Imemwona tu anayeweza kuitia."

Mjomba akajifuta jicho. "Wageni watakula ndizi. Gunia nalifukia mwenyewe."

Akalifukia, na harusini alizunguka meza zote akisimulia: "Nimemwona kwa macho yangu. Ana nywele!" Wewe ulicheka hadi kilemba kikakulegea.

Sasa sikia kwa nini nimeitoa. Jana mjomba alinipigia simu kutoka mlimani.

"Mwandishi, niletee hadubini ya mama yako. Jirani kaleta karanga za harusi ya mjukuu wangu, zina kijani. Anasema ukungu ni ukungu."

"Umemwambiaje, mjomba?"

"Nimemwambia akae kwanza. Ameshaanza kulalamikia chai."

Kesho napanda na hadubini, nimeifunga kwenye kanga yako. Visahani nimeshavichemsha. Sote tu wazima, mama. Nakukumbuka, na hiyo si fununu.

Binti yako,
mwandishi wa habari