Nilimfundisha Baba Majibu ya Mtihani wa Kumbukumbu

Mpendwa Shangazi Bonaria, naomba unisaidie, na majina nimeyabadilisha, maana huku milimani, kisiwani Sardinia, ukikohoa mtaa wa juu, wa chini wanakuuliza unatumia dawa gani. Mimi ni nesi, nina miaka thelathini na tisa, na huu ni mwaka wa sita nafanya kazi na madaktari wanaotupima sisi wanakijiji damu na kutupiga picha za ubongo, kwa sababu tumeoana wenyewe kwa wenyewe tangu enzi za mababu na jeni zetu zinafanana, na wanazozitafuta ni jeni za kinga, zile zinazowaongoza askari wa mwili. Dokta Pintus, mkuu wao, anadhani ziliwasaidia babu zetu kupona malaria ya mabondeni, lakini leo, kwa baadhi yetu, askari hao wanakosa adui, wanageukia ubongo na kukata nyuzi zenye afya zinazoshika kumbukumbu. Kaka yangu anatembelea magongo kwa ugonjwa wa jamii hiyo, na tangu hapo watu wanasema nyumba yetu ina damu mbaya.

Sasa mwaka jana zamu ya baba ya kupimwa kumbukumbu ilipofika, Baba Bakisio, mchungaji wa kondoo maisha yake yote, mimi nilikuwa nimeshamwona anasahau maziwa ya jibini motoni mpaka yanaungua, na mdogo wangu Grazietta alikuwa amechumbiwa, akanililia, "Dada, nakuomba. Wakwe wakisikia na baba naye ana kitu kichwani, mimi nimekwisha. Watasema nitawazalia wagonjwa." Na orodha ya maneno ya kukumbuka ninayo mimi kazini, Shangazi, basi wiki nzima tukikamua kondoo nikamkaririsha: ngazi, kengele, mwaloni, kitambaa, chumvi. Siku ya mtihani akayataja yote bila kusita, Dokta Pintus akampigia makofi, na baba akaenda baa kuwanunulia wazee wenzake divai. "Kichwa hiki bado cha kijana! Kamuulizeni binti yangu!"

Harusi ikafungwa Septemba. Tangu Krismasi baba anapotea malishoni, kwenye njia alizozipita miaka sitini, na juzi nilimpelekea supu akanitazama kwa adabu kabisa, kofia mkononi, akaniuliza lile swali tunalowauliza watoto wa vijiji vingine, "Na wewe, mwanangu, ni mtoto wa nani?" Nikalia. Akanionea huruma, akanishika mkono, akaanza kunitajia taratibu, ngazi, kengele, mwaloni, kitambaa, chumvi. Jina langu limemtoka, Shangazi, maneno yale yamebaki.

Mwezi huu madaktari wamerudi. Picha inaonyesha sehemu ya kumbukumbu imesinyaa, jeni zile anazo, lakini karatasi yangu ya mtihani inasema ni mzima, na Dokta Pintus amefurahi mno, anamwita mtu aliyesalimika, anataka kujua ni nini kinachomlinda. Nikisema, nafukuzwa kazi, na Grazietta, mwenye mimba ya miezi minne, hatanisemesha tena. Nikinyamaza, baba anaendelea kupanda mlimani peke yake. Nifanye nini?

Nesi wa Milimani

Shangazi Bonaria anajibu: Binti yangu, pole. Pole yangu imeishia hapo, sasa nisikilize.

Umekosea, tena ukiwa na cheti cha unesi ukutani. Umemwibia baba yako mwaka mzima ambao angejulikana ni mgonjwa, akasindikizwa, akaangaliwa. Na majirani waliotoa damu yao wakingoja jibu la kweli, umewapa tumaini la uongo.

Damu mbaya ni upuuzi. Mimi si daktari, ila nimempigia mmoja simu, naye kaniambia jeni za namna hiyo huongeza uwezekano tu, hazitoi hukumu. Wapo wanaozibeba na wanazeeka wakikumbuka kila ugomvi wa ujana wao. Mwambie Grazietta hivyo mbele ya mumewe. Akinuna, anune. Mwanamume wa kumwacha mke mjamzito kwa sababu mkwe anasahau, ni bora ajulikane sasa.

Kazi huenda ikaenda, sikufichi. Jumatatu asubuhi mwone Pintus, mwambie kwa mdomo wako, usimwachie kikaratasi. Jirani apewe kondoo awachunge, wiki hii hii.

Lakini kabla ya Pintus, mwambie baba. Usiniambie hataelewa, kichwa ni chake. Mvizie asubuhi akiwa ametulia, mweleze ulichofanya na kwa nini. Huenda akakasirika, huenda asijue anayemwomba msamaha ni nani. Omba hivyo hivyo. Kisha apimwe upya, kwa orodha usiyoijua, na nesi mwingine. Wewe kaa nje, mlango ufungwe. Utamsikia akikwama. Utataka kuingia. Usiingie.