Bluu Kwenye Karai la Mchanga

Jumatatu, 11 Novemba 2024

Mokami, mvivu wewe! Wiki tatu hujafungua daftari — ulikuwa umekufa? Shule hujaikanyaga, Agustina wa kanisani akahangaika kukufundisha herufi na uzee huo, halafu unaziacha zioze. Kaa. Andika.

Dimbwi la Faustine. Mgeni wa dhahabu huyo, mwanangu Ryoba alimkaribisha Machi, hapo juu ya kisima chetu. Anaosha dhahabu kwa dawa kali, maji yake yanabaki dimbwini. Nyasi zinakufa kulizunguka, duara kama la sufuria. Nachomeka vijiti zinapoishia zilizokufa, nahesabu hatua toka dimbwini. Mwezi mmoja ulipopita, hatua kumi. Miezi minne, ishirini. Kisima kiko hatua thelathini!

Ryoba anasema imechoka hiyo dawa, mama, si unaona inavyojikokota?

Nimelowanisha mchanga kwenye karai, bluu ya kufulia katikati. Tuone kama inachoka.

Ijumaa, 15 Novemba

Siku ya kwanza bluu ilitambaa kidole kimoja. Leo ya nne, viwili. Robi, mke wa Ryoba, tumbo limefika puani, ananicheka: mama, unapika nini? Napika akili ya mumeo, nikamwambia. Kacheka mpaka kashika kiuno. Nampenda mtoto huyu, Mungu ananiona.

Jumatano, 20 Novemba

Siku ya tisa. Vidole vitatu! Haichoki. Inapunguza mwendo tu. Kimoja kwa siku moja, viwili kwa nne, vitatu kwa tisa. Nimehesabu kwa maharage, mara mbili.

Basi vijiti vyangu: mwezi mmoja, minne... wa tisa unaisha Desemba inapoingia. Siku kumi, ifike kisimani!

Nimempelekea Ryoba karai. Mama, hiyo si bluu tu? Faustine, shikamoo nyingi, akasema bibi, maji ya dimbwi yametulia, yataendaje? Na bluu ilisukumwa na nani, mura, kijana wewe? nikamuuliza. 

Nimeziba kisima kwa miiba mwenyewe. Maji tuchote mtoni.

Jumapili, 1 Desemba

Nimetoka kanisani, miiba imesogezwa. Kisimani chura hata mmoja halii. Nyasi za ukingoni njano.

Ndoo ya Robi iko jikoni, kikombe juu yake, bado kimelowa. Ryoba anasema mto ni mbali kwa tumbo lile, mama, nikamchotea hapa. Robi amelala. Mchana huu! Namwita, anaitikia kwa mbali.

Ndoo nimemwaga. Ryoba kakimbilia pikipiki ya kumpeleka hospitali — leo hakubisha.

Mokami, ukirudi hapa daftarini usianze na nyasi wala vijiti. Andika kwanza Robi ameamkaje.