Tumeshamfunga

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini hamjambo wewe, wifi na watoto. Sisi tupo. Paka amezaa tena, safari hii ndani ya kabati la Baba, na Baba amekataza wasihamishwe.

Kaka, acha kumgombeza Baba kwenye simu. Hakuinuka kitandani kwa ubishi. Nilimwinua mimi.

Walipoutoa ule mpira waliopitisha kwenye mshipa wa paja ili kuukagua moyo, daktari aliniambia, "Baba yako tumeshamfunga." Kwenye wodi ninayofanyia kazi mimi, kufunga ni kuliziba tundu la mshipa kwa kizibo kidogo, na mgonjwa huinuka baada ya saa mbili. Yeye alimaanisha bandeji tu. Tundu lilikuwa limekandamizwa kwa mkono, na mgonjwa wa hivyo hulala chali saa sita. Faili lilikuwa pale pale miguuni pake. Sikulifungua, mimi nesi mwenye uzoefu wa miaka kumi na moja!

Nikamwambia, "Haya mzee, inuka unyooshe miguu." Shuka lililowa damu kabla hajavaa kandambili.

Daktari alikuja mbio akifoka, "Nani kamwinua?" Baba akanitazama, akasema, "Nimeinuka mwenyewe. Mimi mbishi." Nikaendelea kulibana paja lake. Nimenyamaza hadi leo.

Paja limepona. Ila kila akitaka kutoka kitini huniuliza kwanza, "Nesi, niinuke?" Wageni hucheka, wakidhani ni utani wetu.

Mpigie, Kaka. Umwombe radhi wewe kwanza, mimi bado sauti haitoki.

Mdogo wako