Kanzu yangu pa bariyeri

Ngezi, siku ya ine

Nilijua leo nimekwisha. Tukitoka Mahagi, askari wa bariyeri ya njiani alikamata telefone yangu, eti anatafuta foto za waasi. Kumbe mule kuko kanzu za wanamuke tu: kila modele nzuri ninayoona kwenye interneti ninaichungaga mule, nimuonyeshe mushonaji.

Akaangalia foto moja moja, uso mukali. Kufika kwa moja, akasimama.

"Mama, hii ya mikono mipana unitumie. Bibi yangu ataipenda."

Nikaituma mbio. Kwa woga nikamuelekeza mpaka kwa mushonaji wangu!

Na ndiyo ileile nilichagua kwa ndoa ya mudogo wangu...

Vita ilichukua nyumba yetu ya Djugu, nikanyamaza. Lakini kanzu yangu!